Kufufua Land Rover Ikola kwa Muda wa Ziada: Mwongozo wa Uani

Kabla ya spana na kabla ya grisi, mwambie mwenza wako. Mwambie gari likiwa bado kwa mwenyewe, trekta halijaliburuta mtaa mzima huku watoto wakilikimbilia. Mwambie ukweli wote: litakaa uani miaka, litakula akiba, litachukua kivuli cha mwembe ambacho kuku na wageni wamekizoea. Usiseme miezi mitatu. Anayesema miezi mitatu huanza kuulizwa mwezi wa nne, na ikifika wa kumi na nne hana tena sauti ndani ya nyumba yake. Anayesema miaka mitatu akamaliza kwa miwili na nusu huandaliwa migebuka wa kuchoma.

Mwongozo huu unahusu Land Rover 109, ile ndefu ya springi za mabamba, kwa sababu ndilo gari kongwe utakalolipata upande wetu, mwambao wa Ziwa Tanganyika, ukitafuta kwa bidii. Hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, karibu sentimita 277. Wamisionari walikuwapo Karema tangu 1885. Miaka ya 1950 Mpanda ilikuwa na mgodi wa risasi, na reli ikaletwa kutoka Kaliua kuufuata. Katavi ikawa hifadhi ya taifa 1974, na Mishamo ikafunguliwa 1978 kwa wakimbizi wa Burundi. Misheni, mgodi, askari wa wanyamapori, watu wa misaada: wote walihitaji gari la kuvuka mto usio na daraja, na kwa miaka mingi gari hilo lilikuwa Land Rover. Kazi zilipoisha, au zilipohamia kwenye Toyota, yale ya zamani yaliachwa nyuma ya mabohari na chini ya miembe. Kumuuzia mnunuzi wa chuma chakavu gari la namna hiyo ni kuuza kumbukumbu ya mkoa kwa kilo, na ndiyo sababu ninaandika haya.

Sasa nenda ukalikague. Nenda na nyundo ndogo, bisibisi ndefu, tochi na mkeka wa kulalia. Mwenye gari atakupokea vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chukua tu, hii ukitia betri inawaka."

"Nashukuru, mzee. Naomba kwanza niigonge kidogo."

Kila Land Rover iliyokaa miaka 20 bila kuguswa, kwa maelezo ya mwenyewe, inasubiri betri tu. Msikilize kwa heshima, kisha tandika mkeka na uingie chini. Kabla ya kuingiza mkono popote, gonga kwa fimbo na usubiri. Chasisi ni boksi lenye uwazi ndani, na nyoka, nyigu na nyuki waliligundua boksi hilo kabla yako. Mkiisha kuelewana nao, gonga kwa nyundo kuanzia mbele kwenda nyuma, hatua kwa hatua. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinaitika kwa sauti nzito, fupi, na unga wa kahawia unakudondokea usoni, kwa hiyo funga macho. Pale paliponyamaza, chomeka bisibisi. Ikizama, weka alama ya chaki. Angalia zaidi kile kipande cha mkingamo kilicho nyuma kabisa, mahali springi zinaponing'inia, na ile mikono mifupi inayotoka ubavuni mwa chasisi kushika bodi. Hapo ndipo matope hukaa, na matope huhifadhi maji muda mrefu baada ya mvua kukatika.

Zikipatikana alama za chaki tano au sita, nunua. Ukikuta chaki imekwisha na chasisi bado haijaisha, mshukuru mzee, kunywa chai yake, rudi nyumbani.

Umri wake unausoma usoni. Taa kubwa zikiwa zimebanana katikati, ndani ya wavu wa mbele, hiyo ni ya kabla ya 1969 hivi. Zikiwa zimehamia pembeni, juu ya matairi, na wavu ukiwa wa plastiki, hiyo ni Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Jambo hili si la kujitapa kijiweni peke yake. Nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa betri kinyume na tulivyozoea: upande chanya ndio uliokwenda kwenye bodi. Anayefunga betri kwa mazoea ya pikipiki atachoma daynamo asubuhi ileile aliyoiita siku ya furaha. Fuata waya, angalia umefungwa wapi, ndipo uunganishe.

Muda unapatikana wapi

Watu wa mjini wana Jumamosi. Sisi wa mwaloni tuna mwezi. Dagaa hufuatwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, boti zinapumzika, nyavu zinashonwa, na mwanaume mzima anaamka saa mbili asubuhi hajui aelekeze wapi mikono yake. Siku hizo ndizo za gereji. Ukizipanga vizuri, kila mbalamwezi inatoa kazi moja kamili: mbalamwezi hii kushusha bodi, ijayo kusafisha chasisi, ile nyingine kuchomelea. Mwaka 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, muda ulikuwa tele na pesa hazikuwapo. Hali hiyo inafundisha namna ya kugawa kazi hii. Kufungua, kukwangua, kuosha, kupiga brashi na kuchambua nati kunahitaji jasho na mabaki ya sabuni. Kuchomelea, mpira wa breki, betri na rangi vinahitaji fedha taslimu. Weka kazi za jasho kwenye miezi mikavu ya mfuko, na za fedha zisubiri dagaa wapande bei.

Kiangazi nacho kina nafasi yake. Huku mvua zinaanza kuelekea Novemba na kukatika Aprili, na chuma kilichokwanguliwa kikaachwa wazi usiku mmoja wa masika huamka kimevaa kutu mpya. Kwangua kile tu utakachoweza kukipaka kabla jua halijazama.

Unapofungua, piga picha kila kiungo kwa simu, kisha tia nati na bolti zake kwenye dumu lililokatwa na uandike kwa rangi: "mlango kushoto", "springi nyuma kulia". Utadhani utakumbuka. Mbalamwezi tatu baadaye hukumbuki hata gari lilikuwa na milango mingapi. Halafu kuna habari ya spana. Seti ya fundi bodaboda, ile ya 10, 12, 14 na 17, haitoshi hapa, kwa sababu nati za gari hili ni za inchi. Spana ya 13 inakaa kwenye nati ya nusu inchi kwa ulegevu mdogo tu, na ulegevu huo ndio unaomenya pembe za nati iliyoshikwa na kutu. Tafuta spana za inchi, na kabla ya kukaza nguvu mwagia dizeli iliyochanganywa na oili, ulale, uamke, umwagie tena. Nati iliyokataa baada ya hapo ipashe moto, mbali na tangi la petroli.

Kutu, magadi na betri ya sola

Kutu ni chuma kinachorudi kilikotoka, yaani kwenye udongo mwekundu. Ili kirudi kinahitaji vitu viwili tu, maji na hewa, na Ikola tuna vyote bure. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana mabamba mawili yaliyoshikana hufura katikati na kuachana, na rangi iliyopakwa juu ya kutu hutoka vipande vipande hata kama ni ya bei mbaya. Kuna mafundi wanaoamini kwamba kutu ikishapigwa puti na kupuliziwa rangi imetubu. Haijatubu. Inaendelea kula mle ndani, sasa ikiwa na paa.

Vipande vidogo kama bawaba, komeo na bolti za kawaida vitumbukize kwenye siki au maji ya ndimu kwa siku mbili tatu, uvisugue. Kwa vipande vikubwa kidogo, kama mabano, pedeli na sahani za chuma, kuna njia nzuri kuliko zote, na vifaa vyake vipo kijijini: pipa la plastiki, maji, magadi soda, vipande vya nondo chakavu, na betri ya sola ya volti 12.

Jaza maji pipa, koroga magadi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Ning'iniza kipande chenye kutu katikati kwa waya. Pembeni simamisha nondo bila kugusana nacho. Kisha unganisha hasi ya betri kwenye kipande unachokitaka, na chanya kwenye nondo. Rudia sentensi hiyo kwa sauti kabla ya kugusa waya, maana ukigeuza, betri itakula kipande chako na kuistawisha nondo. Ikiwa sawa, utaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye kipande bila kukoma. Hayo mapovu ni haidrojeni, gesi inayolipuka. Fanyia nje, mbali na jiko la mkaa na mbali na mjomba anayevuta sigara. Kesho yake maji yamekuwa ya kahawia, nondo imeliwa, na kipande kinatoka na utando mweusi laini unaofutika kwa brashi. Chini yake kuna chuma cha kijivu chenye alama za kiwandani, na mara nyingine herufi ambazo hazijasomwa na mtu tangu gari liache kutembea. Kisuuze, kikaushe juani, kipake grisi au rangi ya msingi saa hiyohiyo.

Makatazo matatu, na nayasema kwa uzito. Usitumie kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, kwa sababu hutoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Usitumbukize alumini, kwa kuwa magadi na umeme vitaiyeyusha. Na springi za mabamba pamoja na bolti ngumu za stelingi usizitie pipani kabisa: haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla. Hizo ni za brashi ya waya na bega lako.

Boksi lisiloonekana

Sasa tumefika kwenye chasisi, na hapa ndipo mradi unapopona au unapokufa. Bamba lake lina unene wa takriban milimita 2, na kuoza kwake huanzia ndani. Ukiona tundu nje, ujue kutu ilianza safari zamani na sasa ndiyo imefika. Ondoa tangi la petroli. Ondoa betri. Mwaga maji ndani ya boksi mpaka yatoke masafi, na uwe na subira, maana udongo wa misimu yote ya Katavi umo humo. Kata sehemu iliyooza mpaka ufikie chuma kinacholia, uchomelee bamba jipya la unene uleule au zaidi. Fundi akikuletea kipande cha bati la kuezekea, mpe chai na umwambie asante. Bati hilo ni zuri kwa paa, lakini halibebi ekseli, abiria na magunia ya mpunga kwenye makorongo.

Kuna jambo moja la kukumbuka kabla grainda haijawashwa. Namba ya chasisi imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inaposhikwa. Iisugue kwa brashi ya mkono, iandike, ipige picha, na umwoneshe kila atakayeshika grainda kwamba hapo hapaguswi. Bila namba ile, siku ya kwenda TRA kutafuta kadi utakuwa na gari zuri lisilo na jina.

Ukimaliza kuchomelea, mimina grisi iliyolainishwa kwa oili ndani ya boksi, uinamishe gari huku na huku ienee kila kona. Kuhusu kazi hii hatuna haja ya kuuliza wazungu wa leo, maana ushahidi ulikuwa ukitia nanga mbele yetu. Liemba, meli iliyokuwa ikisimama nje ya Ikola huku mitumbwi ikiiendea kuchukua abiria, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye masanduku elfu kadhaa na kuunganishwa upya Kigoma, ikaingia majini 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi waliopewa kazi hiyo kwanza walipaka injini zake grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiibua 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Mafundi wale walikuwa wanaaga chombo chao katikati ya vita, na bado walipata muda wa kukipaka grisi. Wewe una mbalamwezi kila mwezi.

Oili chafu inayobaki usiimwage mchangani. Maji ya Tanganyika yanatoka polepole mno, kwa Lukuga upande wa Kongo, na kinachoingia ziwani leo kitakaa na wajukuu. Iweke kwenye dumu, wapo wanaohitaji ya kupaka mbao dhidi ya mchwa.

Alumini na wivu wake

"Bodi ya Land Rover haipati kutu." Utaambiwa hilo na kila mpita njia, na ni kweli kwa nusu. Land Rover ilipooneshwa Amsterdam Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Lakini fremu za milango, ukuta kati ya injini na dereva, na chasisi ni vya chuma. Alumini na chuma vikigusana palipo na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe chini ya rangi. Pia maji ya ziwa letu yana chumvichumvi za madini na asili ya magadi, kwa hivyo anayeliogesha gari mwaloni alisuuze baadaye kwa maji ya mvua au ya kisima.

Dawa yake ni kutenganisha. Kata mikanda ya tyubu kuukuu ya baiskeli, uiweke kila mahali bamba la bodi linapolalia chuma, baada ya vyote viwili kupakwa rangi ya msingi. Shimo la alumini lizibe kwa kiraka cha alumini na riveti. Usimruhusu mtu alijaribu kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea: alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, na tundu la senti tano linakuwa dirisha. Mikunjo midogo iache. Gari lililotembea Sitalike na Mwese lina haki ya makovu yake.

Injini

Usivute gari lililokwama injini ili liwake kwa nguvu. Vijana watakuja kumi na watano, kila mmoja na wazo hilohilo, wakiwa na kamba tayari. Wape kazi ya kusugua pipa. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ni ya subira: toa plagi nne, mimina dizeli na oili kidogo kwenye kila silinda, uache mpaka siku nyingine. Kisha chomeka hendeli mbele, kwenye tundu la bampa, na ujaribu kuizungusha kwa mkono, nusu inchi kwenda, nusu inchi kurudi. Shika hendeli vidole vyote vikiwa upande mmoja, na dole gumba lisiizunguke, maana injini ikirusha nyuma huvunja kiganja. Siku itakapozunguka mara moja nzima, utasikia hewa ikitoka kwenye matundu ya plagi kwa zamu. Mwite mwenza wako aisikie pia. Amevumilia mengi.

Baada ya hapo mambo ni ya kawaida. Badilisha oili na chujio, osha kabureta, safisha pointi za distribyuta, pima tapeti kwa filageji ya inchi 0.010, na panga waya za plagi kwa mfuatano wa 1, 3, 4, 2. Mahali pa waya wa fyuzi usiweke msumari. Petroli yenye risasi, ambayo injini hizi zilizaliwa nayo, iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia 2006, ila injini yenye mgandamizo mdogo inayotembea taratibu haitalia sana kwa kuikosa. Angalia tapeti mara kwa mara zaidi, basi.

Watakaokushauri utupe injini hii uweke ya Toyota ni wengi, na wengine wanajua wanachosema. Blok ikiwa imepasuka, wasikilize. Ikiwa nzima, mimi naomba ubaki nayo. Spea zake bado zinatengenezwa Uingereza, na Gerezani, Dar es Salaam, wapo wazee wa maduka wanaozitambua kwa kuzipapasa. Mtume mtu akiwa na kifaa cha zamani mkononi. Maelezo ya simu, "kile kiduara cha pembeni ya kile kirefu", yamewaletea watu vifaa vya Bedford kwa basi mpaka Mpanda, nauli ikiwa imelipwa.

Fundi utamhitaji kwa kuchomelea na kwa gia boksi, na fundi mzuri ana watu wengi. Atakuambia "kesho kutwa, bosi". Usigombane naye. Jenereta iwe na mafuta, bamba liwe limekatwa, eneo liwe limesuguliwa, na chai iwe motoni asubuhi ileile. Fundi huenda kwenye kazi iliyoandaliwa. Ukiwa chini ya gari pamoja naye, gari liwe limekaa kwenye magogo manene ya mti mgumu na kabari kwenye matairi. Jeki ni ya kunyanyua tu. Mtu aliyelala chini ya jeki peke yake hana mwongozo wa kumsaidia.

Breki usizifanyie ubahili hata kwa siku moja. Gari hili lina ngoma magurudumu yote manne. Lainingi za zamani zilikuwa na asbestosi, hivyo usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe, ulifute kwa tambara, ulifukie. Mpira wa silinda ukiwa mgumu badilisha yote, na utumie oili ya breki pekee. Wapo wanaoweka maji ya sabuni. Usipande gari lao.

Rangi ndiyo ya mwisho, na ndiyo itakayosifiwa. Watu watapita wasiseme lolote juu ya chasisi uliyoiponya kwa miaka miwili, ila wataona kijani kipya na paa jeupe la rangi ya chokaa wakupongeze. Pokea pongezi. Paka asubuhi na mapema, kabla ya upepo wa ziwani kuamsha vumbi na kabla ya dagaa kuanikwa.

Makaratasi nayo yasikutishe kuliko yanavyostahili. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikijilimbikiza hata kwa gari lililokufa chini ya mwembe, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18. Kinachotakiwa ni kadi, mkataba wa mauziano na ile namba ya chasisi uliyoilinda. Na ukisikia kwamba kazi hii ni ya wachache waliochanganyikiwa, kumbuka Oktoba 2024, Land Rover zilipokusanyika Arusha kutoka kila upande wa nchi na nje ya nchi kwa ajili ya tamasha lao, zikapanga foleni mjini, kongwe na mpya.

Safari ya kwanza iwe ya Karema, si ya Mpanda. Ni karibu, na mtu anaweza kurudi kwa miguu. Kwenye zilizotangulia Series III, gia ya kwanza na ya pili hazina sinkronaiza ya kuzilainisha, kwa hiyo unaposhuka gia kanyaga klachi mara mbili na uguse mafuta katikati. Ukifika, usizime injini kwanza. Shuka uweke kiganja kwenye kila habu. Uvuguvugu ni sawa; ikichoma, beringi imebanwa mno, irejeshe nyuma kidogo hapohapo. Angalia chini kama kuna tone la oili, ladha yake haihitajiki, rangi yake inatosha. Kisha chukua spana ya inchi na ukaze upya bolti zote za springi, kwa sababu mabamba yaliyopakwa rangi upya hujipanga kwenye safari ya kwanza na kulegeza nati, na barabara ya kurudi Ikola ina mashimo yaleyale.